Sura ya Sita: Daktari Anapokabidhiwa Funguo

Daktari kijana akishamaliza miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa utarajali, barua ya ajira inaweza kumpeleka kwenye kituo cha afya ambako daktari mwenye shahada ni yeye peke yake, au wako wawili tu. Haupiti muda anaitwa Mganga Mfawidhi. Anakabidhiwa ofisi, muhuri, rundo la mafaili na funguo za stoo ya dawa, anasaini makabidhiano, basi. Kesho yake asubuhi, kabla hajaanza raundi, anamwamkia muuguzi mwenye umri wa mama yake aliyesimama mlangoni.

"Marahaba, Dokta. Rosta ya mwezi ujao bado hujaisaini. Halafu yule dada wa wodi ya wazazi amefiwa, anaomba ruhusa. Zamu yake ya usiku tumpe nani?"

Nyuma ya muuguzi yupo mtu wa maabara, ambaye vitendanishi vyake vimebaki vya siku 3. Dereva wa gari la wagonjwa anasubiri fedha ya mafuta. Fomu za bima za mwezi uliopita zimerudi kwa makosa ya kujaza, na kila fomu inayokataliwa ni huduma iliyotolewa bila kulipwa. Saa 4 kamati ya kituo inakutana, na wajumbe waliochaguliwa na wanakijiji watauliza fedha wanazolipa wagonjwa papo kwa papo zimefanya nini. Na huko wodini ameletwa mtoto mwenye degedege.

Kwa mtoto wa degedege kijana huyu hababaiki. Amewahudumia wengi wa namna hiyo akiwa na bingwa pembeni, akakosolewa, akarudia, akatahiniwa. Hayo mengine yote anakutana nayo kwa mara ya kwanza, na hana wa kumuuliza. Chuoni alipita katika somo la afya ya jamii, na ndani yake mlikuwa na mihadhara ya menejimenti, lakini mihadhara ya aina hiyo mara nyingi husomwa usiku mmoja kabla ya mtihani na kusahaulika wiki inayofuata. Ninachodai katika sura hii ni kwamba uendeshaji wa huduma ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa hiyo ufundishwe kama tiba inavyofundishwa: kazini, chini ya mkono wa aliyebobea, na kwa mtihani ambao mwanafunzi anaweza kufeli.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi nchini Tanzania tangu mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya kutolea huduma. Siku hizi hata mfawidhi wa zahanati, ambaye aghalabu ni tabibu au muuguzi, ana akaunti ya benki, mpango wa mwaka na vitabu vya hesabu. Kwangu mimi ule ulikuwa uamuzi mzuri sana, kwa sababu fedha imesogea karibu na mgonjwa. Sasa anahitajika mtu anayejua kuipangia kazi.

Msomaji anayedhani haya ni mambo ya ofisini yasiyofika kitandani kwa mgonjwa, namwomba twende naye Rufiji na Morogoro.

Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ilishirikiana na shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, IDRC, kuanzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya 2, Rufiji na Morogoro Vijijini. Benki ya Dunia ilikuwa imedai katika ripoti yake ya mwaka 1993 kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, mradi tu fedha hizo ziyafuate magonjwa yanayoua zaidi. Wale wa TEHIP walitaka kuona kama dai hilo lingesimama katika wilaya ya kweli, yenye barabara mbovu, watumishi wachache na mto unaofurika.

Kwanza walihesabu vifo. Watu wengi vijijini hufia nyumbani, kwa hiyo ukitegemea daftari la hospitali hutajua nini kinaua watu wako. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alionyesha dalili gani kabla ya kufa. Majibu yakageuzwa michoro rahisi ambayo timu ya afya ya wilaya ingeweza kuisoma kwa dakika chache, na bajeti nayo ikachorwa vivyo hivyo. Michoro hiyo miwili ilipowekwa pamoja, haikufanana. Malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Kifua kikuu, ambacho sehemu yake katika hasara hiyo haikufika asilimia 4, kilikuwa kimetengewa asilimia 22.

Kilichokuwa kikiendelea ni kile kinachoendelea katika ofisi nyingi hadi leo: bajeti ya mwaka huu inanakiliwa kutoka ya mwaka jana, inaongezwa kidogo hapa, inapunguzwa kidogo pale, inasainiwa. Madaktari waliokuwa wakizisaini walijua malaria vizuri sana kwa mgonjwa mmoja mmoja. Hawakuwa wamewahi kuonyeshwa malaria ya wilaya nzima, wala kufundishwa kuuliza fedha inafuata nini.

Kufikia mwaka 1998 fungu la malaria lilikuwa limepanda hadi asilimia 25. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikufika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Wilaya zikafunga redio za mawasiliano kati ya zahanati na vituo vinavyozisimamia, ili mtumishi wa mbali aombe msaada bila kusafiri siku nzima. Wanavijiji wakashirikishwa kukarabati zahanati zao. Watabibu wakafundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa kumtazama mzima, malaria, nimonia, kuhara na utapiamlo kwa pamoja, badala ya kukimbilia dalili moja. Katika muda wa takriban miaka 5, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Tusiuzidishie mradi huo sifa. Miaka ile vyandarua vyenye dawa vilikuwa vikienea na vifo vya watoto vilikuwa vikipungua kwingineko pia. Watafiti walipozilinganisha wilaya hizi 2 na jirani zake, Kilombero na Ulanga, ili kupima ule utaratibu mpya wa kuwatibu watoto, walikuta tofauti ya asilimia 13. Mimi naikubali hata hiyo 13 peke yake. Hiyo ni idadi ya watoto wanaofika shule ambao wasingefika, nao hawakuokolewa na bingwa mpya wala mashine mpya. Waliokolewa na watumishi wale wale waliofundishwa kuipanga kazi yao upya.

Ujuzi wenyewe haukuwa wa ajabu. Ni kusoma mchoro, kuuliza swali na kuwa na ujasiri wa kuhamisha fedha kutoka kwenye fungu lililozoeleka. Mwanafunzi wa mwaka wa 3 anaweza kuumudu.

Turudi stoo, maana huko ndiko ujuzi huu unakoonekana kwa udogo wake wote. Mama akijifungua na damu ikakataa kukata, dawa ya kwanza ni oksitosini. Ikikosekana, ubingwa wa daktari umepungukiwa nguvu kubwa. Sasa tazama inavyoweza kukosekana hata pale ambapo kila mtu anafanya kazi kwa bidii. Tuseme wodi ya wazazi inatumia vichupa 60 kwa mwezi. Mwezi uliopita dawa iliisha tarehe 15, kwa hiyo leja inaonyesha vichupa 30. Mtu anayejaza fomu ya kuomba dawa kutoka Bohari ya Dawa akiandika matumizi ya mwezi kuwa 30, bila kuhesabu siku ambazo rafu ilikuwa tupu, ataletewa nusu ya anachohitaji. Dawa itaisha tena katikati ya mwezi, leja itaonyesha tena idadi ndogo, na upungufu utajizaa wenyewe mwezi hadi mwezi. Watu watailaumu Bohari, nayo imeleta kile kile ilichoombwa.

Daktari aliyefundishwa kusoma leja anauona mtego huo kwa dakika 5. Anajua pia kwamba Bohari ikikosa dawa, hutoa taarifa ya kukosekana kwake, na kituo kinaweza kuagiza kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa, kupitia utaratibu wa Jazia, ulioanzia mkoa wa Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Asiyejua njia hiyo atawaandikia wagonjwa wakanunue duka la dawa la nje, wakiwemo wajawazito na watoto wadogo ambao kwa sera ya nchi wanapaswa kutibiwa bure. Kuna tofauti gani kati ya daktari aliyekosea dozi na daktari aliyeacha stoo ikauke kwa kutojua hesabu? Kwa mama anayevuja damu usiku ule, haipo.

Hadi hapa nimezungumzia zaidi usimamizi, yaani vitu, fedha na takwimu. Uongozi unahusu watu, na ni mgumu zaidi kuufundisha. Mfano ninaoupenda nao una mguu mmoja nchini mwetu.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya kukaguliwa katika chumba cha upasuaji. Hospitali 8 zilishiriki: za London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila, New Delhi, na Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara. Orodha ilikuwa na mambo 19, yanayosomwa kwa sauti mara 3: kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Upande ni huu? Antibiotiki imetolewa? Gozi na vifaa vimehesabiwa vikatimia? Na kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo kwa ujumla wa hospitali zote 8 vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Dunia ikaichangamkia. Jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake kuitumia. Mwaka 2014 watafiti wakatoa matokeo ya hospitali 101 za jimbo hilo, na vifo havikuwa vimepungua kwa kiwango cha kuhesabika. Karatasi ilikuwa ya aina ile ile. Wataalamu wametoa maelezo kadhaa. Ninayoyapa uzito mimi ni haya: orodha ikiletwa kwa agizo, watu huweka alama za vema kwenye visanduku, na kuweka alama hakumpi muuguzi mdogo ruhusa ya kusema anachokiona.

Fikiria chumba cha upasuaji saa 8 usiku. Mama amefanyiwa upasuaji wa uzazi, mtoto analia, kila mtu amechoka. Muuguzi anayehesabu gozi anasema kwa sauti ndogo, "Dokta, gozi moja siioni." Daktari anaweza kujibu, "Hesabu vizuri, dada, mimi nafunga." Anaweza pia kuweka mikono chini na kusema, "Ahsante. Tusubiri, tuitafute wote." Jibu la kwanza litaokoa dakika 10 usiku huo, na muuguzi yule hatasema tena siku nyingine. Jibu la pili ni uongozi, na hakuna cheo wala semina inayoweza kukaa mahali pake.

Pembeni ya meza hiyo amesimama mwanafunzi wa udaktari, ameshika chombo cha kupanulia jeraha, anasikiliza. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema vyuo vyetu havifundishi uongozi. Vinafundisha kila siku, bila mtaala na bila kujijua. Bingwa anayemfokea muuguzi mbele ya mgonjwa katika raundi anafundisha. Mkuu wa idara anayefika kikao cha asubuhi baada ya wote, na kikao kikaanza upya kwa ajili yake, anafundisha. Vivyo hivyo yule anayemuuliza mhudumu wa wodi, "Wewe umekaa na huyu mzee usiku kucha, umeonaje?" Mwanafunzi huchukua anachokiona, na miaka 3 baadaye utakikuta kituoni kwake kilivyo. Mageuzi ya kufundisha uongozi yaanzie kwa walimu, na hapo ndipo patakuwa pagumu kuliko kuandika mtaala.

Kwamba inawezekana, Mbeya walionyesha. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya mwanzo nchini kuanza, mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi ambao hatua zake 5 Watanzania wamezipa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Chimbuko lake ni viwanda vya Japani, lakini somo la hospitali lilitoka Sri Lanka, katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, ambako Dk. Wimal Karandagoda, daktari aliyekuwa mkurugenzi, aliibadili hospitali iliyolemewa kwa kuwaanzisha watumishi wake na vitu vidogo: kutoa kabatini visivyotumika, kuweka alama kila kifaa kinapokaa, kupanga mafaili yaonekane. Ukifika mahali paliposhika utaratibu huu, muuguzi haamki kutafuta kifaa cha kumpumulisha mtoto mchanga aliyezaliwa amechoka. Ananyoosha mkono tu. Ugumu uko kwenye hatua ya 5, kushikilia, maana hiyo inadai kiongozi anayerudi kila wiki kuangalia.

Nje ya nchi wenzetu wameshaliingiza jambo hili kwenye mafunzo. Kanada, katika mwongozo wao wa sifa za daktari bingwa ulioanza mwaka 1996, walimtaka awe pia meneja, na mwaka 2015 wakabadili wakasema awe kiongozi. Uingereza walitoa mwongozo wa uongozi kwa madaktari mwaka 2008, ulioanzia kwa wanafunzi. Mwaka 2010 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Julio Frenk na Lincoln Chen, ikiandika katika jarida la Lancet, ilidai mafunzo ya watumishi wa afya yawajenge kuwa watu wa kubadili mfumo, zaidi ya kuujua ugonjwa. Hayo ni mazuri, ila hatuhitaji kuazima kila kitu. Sisi tuna Rufiji, tuna Ifakara, tuna Mbeya.

Mafunzo yenyewe nayaona hivi. Mwaka wa kwanza au wa pili, mwanafunzi apelekwe zahanati, akae na kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje, upande mmoja na leja ya dawa upande wa pili, alinganishe: wagonjwa wangapi wameandikiwa dawa ya malaria, dozi ngapi zimetoka stoo. Zisipolingana, atafute sababu bila kumshutumu mtu, kisha aketi na mfawidhi amweleze alichokiona. Hicho kitendo cha kumweleza mtu mzima upungufu wa ofisi yake kwa heshima, naye akakusikiliza, kina mafunzo kuliko mihadhara 10. Akiwa wodini miaka ya mbele, apewe tatizo dogo moja la kweli, kwa mfano wagonjwa wa dharura wanaochelewa kupata damu, ahangaike nalo kwa miezi 3 pamoja na wanafunzi wa uuguzi, famasia na maabara. Pale Upanga wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wanasoma ndani ya eneo moja, hatua chache kutoka wodini. Kuwakutanisha katika kazi kama hii hakuhitaji jengo jipya.

Wakati wa utarajali, daktari aendeshe kikao cha asubuhi na apange rosta ya mwezi akisimamiwa, awasikilize wanaolalamika kwamba zamu za usiku zimewaangukia wao tu. Na walimu wasiwe madaktari peke yao. Katibu wa Afya aje afundishe masurufu na manunuzi. Muuguzi mfawidhi aje afundishe jinsi ya kumwita pembeni mtumishi anayechelewa. Mhasibu aje na hoja za ukaguzi za kweli, majina yakiwa yamefutwa, ili kijana ajue kabla ya kufika kazini kwamba siku moja atawekewa mezani karatasi ya posho ya semina isiyofanyika, na kwamba saini itakayotakiwa hapo ni yake. Kukataa kwa adabu nako kunafundishika, hasa kwa mtu anayezijua kanuni.

Wapo wanaosema mambo haya tuwaachie mameneja. Chuo Kikuu cha Mzumbe kinatoa shahada ya uendeshaji wa mifumo ya afya, na Makatibu wa Afya wapo. Nawaheshimu sana, na daktari anayewadharau anajikata mkono. Lakini kalamu ya daktari ndiyo inayoandika dawa, kipimo, rufaa na siku za kulazwa, yaani sehemu kubwa ya fedha ya hospitali inatoka kupitia kwake, apende asipende. Tena huko vituoni katibu mara nyingi hayupo, yupo makao makuu ya halmashauri. Wengine wanasema mtaala umejaa. Ni kweli umejaa, na itabidi saa fulani zitolewe mahali fulani. Naona ni haki kutoa baadhi ya yale ambayo mwanafunzi hukariri kwa mtihani na asiyatumie tena, tukaweka yale atakayoyahitaji wiki yake ya kwanza kazini.

Kwa wakuu wa vyuo vya udaktari, nina ombi moja. Katika mtihani wa mwisho, kwenye ile mizunguko ambayo mwanafunzi hupita meza kwa meza, wekeni meza 2 zaidi. Ya kwanza iwe na leja ya dawa na fomu ya maombi, na dakika 10 za kukokotoa. Kwenye ya pili awe ameketi muuguzi mzoefu mwenye lalamiko la kweli, na mwanafunzi azungumze naye. Atakayeshindwa arudie, kama anavyorudia aliyeshindwa kusikiliza moyo. Anzeni mwaka wa masomo ujao.